Koti la Kukulia

Kwa miaka thelathini na moja Bi Uzi alishona matandiko ya farasi bila kumgusa farasi hata mmoja.

Watu wa pale shambani walikuwa wamelizoea jambo hilo hata wakalisahau. Walilikumbuka mgeni alipofika, akaliona tandiko jipya limepanda juu ya kigogo, akapitisha kidole kwenye mishono iliyolala sawasawa kama punje za mtama, akauliza fundi ni nani na anapanda farasi yupi. Hapo kicheko kilianza upya. "Huyo ni mpishi asiyeonja," walimwambia mgeni, na mgeni alidhani anataniwa.

Lakini matandiko yake hayakuwa na mfano. Hakuna farasi aliyechubuka mgongo kwa kazi ya Bi Uzi. Siri ilikuwa waya. Mtunzaji wa farasi, mwanamume mrefu mwembamba ambaye shamba zima lilimwita Ngazi, alikuwa akilaza waya laini juu ya mgongo wa farasi, nyuma kidogo ya mabega, akiukandamiza mpaka ushike umbo, kisha akiuinua taratibu kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, na kumpelekea fundi karakanani. Bi Uzi aliufuatisha kwa chaki juu ya kadibodi, akakata, akaanza kazi. Waya wenyewe aliutundika ukutani kwenye msumari pamoja na kikaratasi chenye jina. Mwaka baada ya mwaka ukuta ule ulijaa, na jua la asubuhi lilipopenya dirishani vivuli vya migongo yote ile vilitembea polepole ukutani, kimoja kikikipita kingine, na yeye akashona katikati yao. Aliwajua farasi wote. Alijua nani kanenepa, nani anazeeka, nani bega lake moja limezidi jingine. Ila aliwajua kwa waya.

Sababu ilikuwa ya zamani. Baba yake naye alikuwa fundi wa matandiko, na siku moja, Bi Uzi akiwa na miaka tisa, amesimama mlangoni na kopo la nta mkononi, farasi alimpiga baba teke la nyonga. Baba hakufa. Alishona kwa kukaa chini miaka mingine ishirini, akawa anasema kila mara, "Kosa langu. Nilimpita nyuma kimya kimya kama mwizi." Hakuwa na kinyongo na farasi. Lakini baba alisikia teke tu. Binti yake alisikia mfupa. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Bi Uzi alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mabega mapana ya mtu aliyevuta uzi wa nta maisha yake yote. Kila mara uzi fulani ulikuwa umemganda mahali: kwenye nywele, kwenye kidole, pembeni mwa mdomo. Aliishi nyuma ya ghala katika nyumba ya vyumba viwili na mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa mpishi wa shamba, mwanamke mwenye ulimi mwepesi kuliko kisu chake. Wote wawili hawakuwa na mume. Mmoja hakuwahi kumpata, mwingine aliwahi, akatosheka.

Mwaka ule mvua zilikuja na upepo mkali, na asubuhi moja bati tatu za karakana zikakutwa zimelala kwenye majani ng'ambo ya barabara. Mwenye shamba, bibi mmoja mpole aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alikuja akatazama juu, akatazama ngozi zilizolowa, akasema, "Hamia banda la majike, chumba cha mwisho kiko wazi. Wiki mbili tu."

"Banda la majike?" Bi Uzi akauliza.

"Ukuta ni wa mawe, mama. Hawatakujia."

Basi akahamia. Akabebewa meza, kigogo, masanduku ya sindano na bunda zima la nyaya. Chumba kilikuwa kikavu, kinanuka majani makavu na shayiri, na upande wa nyuma kilikuwa na mlango wa vipande viwili, wa juu na wa chini. Ukifungua kipande cha juu unaona kiwanja kidogo cha nyasi kilichozungushiwa ua wa mbao, na majike wanne wenye mimba wakitembea humo na matumbo yao kama watu waliobeba mizigo ya wengine. Bi Uzi aliweka meza akakaa akiupa mlango mgongo. Lakini kazi ya ngozi inataka mwanga, na mwanga ulitoka mlangoni. Siku ya tatu akageuza meza ubavu. Siku ya tano alikuwa ameuelekea.

Mtoto wa kwanza alizaliwa alfajiri, na Bi Uzi alipofungua mlango wa juu kulipopambazuka alimkuta tayari yuko duniani, amelala kwenye majani, mweusi wa kulowana, mvuke ukimtoka mwilini kama nguo iliyopigwa pasi. Ngazi alikuwa amechuchumaa pembeni, hamgusi.

"Ana nini miguuni?" Bi Uzi akauliza kwa sauti ndogo, maana kwato za yule mtoto zilikuwa na vidole vyeupe laini, vinaning'inia kama uyoga.

"Ndivyo wanavyozaliwa, dada. Viatu vya kulalia. Bila hivyo angemchana mama yake tumboni. Akitembea kidogo vinakatika vyenyewe."

Bi Uzi, aliyekuwa ameishi kwa farasi, kula kwa farasi na kuvaa kwa farasi, hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Akasimama na uzi mdomoni. Mtoto akajaribu kuinuka. Miguu ya nyuma ikakubali, ya mbele ikakataa. Akaanguka na pua. Akapumzika. Akajaribu upya, safari hii mbele kwanza, na ya nyuma ikateleza, kila mmoja upande wake. Mara ya sita au ya saba alisimama kwa miguu yote minne iliyopanuka kama ya meza, akatetemeka, akashangaa. Kisha akatoa sauti nyembamba, na mama yake akamjibu kwa chini kabisa, sauti ya koo ambayo Bi Uzi hakuwahi kuisikia ikitoka kwa farasi. Ilikuwa kama mtu anayesema "haya, haya" gizani.

Siku hiyo hakushona kitu. Jioni mdogo wake alimuuliza, "Tandiko la mteja limefika wapi?"

"Limefika."

"Limefika wapi?"

"Mahali lilipokuwa jana."

Watoto wengine wawili walifuata ndani ya siku kumi. Yule wa kwanza alipewa jina la Kelele kwa sababu zilizo wazi. Wa pili alikuwa na miguu miwili myeupe, akaitwa Soksi. Wa tatu, dume mwekundu, alikuwa na tabia ya kuzunguka ua kila asubuhi akiangalia ubao mmoja mmoja, akinusa ndoo, akisimama mbele ya kila mtu na kumtazama kama anadai kitambulisho; huyo wakamwita Bwana Afisa.

Zilikuwa siku za namna yake. Mchana jua likipanda, watoto walilala ubavu kwenye nyasi, wamenyooka kabisa kama vitu vilivyoanguka kutoka garini, na mama zao wakasimama juu yao wakiwatilia kivuli, vichwa chini, macho nusu. Hakuna kilichosogea isipokuwa mikia. Bi Uzi alishona mishono mitano, akatazama, akashona mitatu. Wakati mwingine sindano ilisimama katikati ya ngozi na yeye mwenyewe hakujua kama ameamka au amelala. Mara nyingine alimwona baba yake amekaa pale nje kwenye kigoda chake, mguu mmoja umenyooshwa, anatabasamu bila kusema. Akipepesa macho, ni nguzo ya ua.

Jike wa nne, wa kijivu, mkubwa kuliko wote, alikuwa bado karibu mwezi mzima. Lakini asubuhi moja ya manyunyu na baridi, Bi Uzi akiwa anapaka nta, Ngazi alitokea mlangoni bila kofia.

"Dada, wa kijivu amezaa."

"Mapema hivyo?"

"Mapema mno. Njiti. Amelowa, anatetemeka, na blanketi za wakubwa kila nikimfunika zinamdondoka. Nishonee kitu cha kumkaa mwilini."

"Niletee waya."

"Waya wa nini tena?"

"Wa mgongo wake, Ngazi. Nitajuaje kipimo?"

"Mgongo wenyewe umejikunja kama ndizi! Mimi nimemshika, daktari ameshika chupa ya dang'a, hakuna mwenye mkono wa tatu. Njoo mwenyewe upime."

Akaondoka mbio. Bi Uzi alibaki ametazama futi yake ya kupimia juu ya meza. Baadaye alimsimulia mdogo wake kwamba alifikiria mambo mengi pale: kwamba angeweza kukisia, kwamba angeweza kumwita mpishi aende kwa niaba yake, kwamba moyo ulikuwa unampiga hata akausikia kwenye meno. Kisha akaona kwamba futi iko mkononi na yeye yuko kwenye baraza, anatembea kwenye manyunyu.

Jike wa kijivu alikuwa amesimama kati ya mlango na mtoto. Alikuwa mkubwa kama kabati. Ngazi na daktari wa mifugo, binti wa miaka kama ishirini na sita hivi aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake, walikuwa wamepiga magoti upande wa pili.

"Mama, ongea naye kabla hujaingia," daktari akasema bila kuinua kichwa. "Akikusikia anajua uko wapi. Hawapendi mtu wa kimya."

Aongee nini na farasi? Bi Uzi alishika mhimili wa mlango. "Hodi," akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto. Jike akageuza sikio. "Mimi ndiye fundi. Nimekuja kupima tu. Lile tandiko lako la mwaka juzi, lenye mto wa sufu, nililishona mimi. Bega lako la kulia limezidi la kushoto kwa kidole kimoja. Naongeza sufu kushoto, ndiyo maana halikuumizi. Nakujua. Usidhani sikujui."

Akawa anaongea hivyo na huku anaingia, hatua moja, hatua nyingine, ubavuni mwa yule mnyama mahali anapoonekana, mpaka akafika. Jike alishusha kichwa akamnusa nywele, kwa pumzi ndefu ya moto, akatoa uzi mmoja uliokuwa umenasa humo, akautema. Bi Uzi alifumba macho. Alipofumbua, alikuwa bado mzima.

Mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyotarajia. Manyoya yake yalikuwa laini kama hariri, masikio yamelala hayana nguvu ya kusimama, paji la uso limefura mviringo. Bi Uzi akapiga magoti. Akapitisha futi kifuani. Chini ya kidole chake alisikia moyo unakwenda mbio, kitu kidogo chenye haraka kubwa, na ngozi yenye joto, hai, iliyoshtuka kidogo ikatulia. Miaka thelathini na moja ya ngozi, na hii ndiyo mara ya kwanza aliishika ikiwa na mwenyewe.

"Kifua, inchi ishirini na tano," akasema, kwa sababu ilibidi aseme kitu. "Daktari, nishikie hapo kwenye bega. Hapo."

Koti lilishonwa kwa muda wa saa tatu. Ndani blanketi la sufu alilolitoa kitandani kwake, nje turubai jepesi, mikanda miwili tumboni na mmoja kifuani, vifungo vya mbao ili visimpoze. Alilipeleka mwenyewe. Ngazi alipokuwa anafunga vifungo, alishika pindo la ubavuni akasugua kwa kidole gumba.

"Mbona nguo imekunjwa nene hivi ndani?"

"Nimeacha inchi nne kila upande. Kama sare ya shule."

"Za nini?"

"Za kukulia."

Ngazi alimtazama mtoto, ambaye mpaka saa ile alikuwa hajaweza kuinua kichwa, akamtazama na fundi. Akafunga kifungo cha mwisho.

Siku mbili zilikuwa ngumu. Daktari alilala kwenye kiti. Mpishi alileta uji wa wagonjwa na chai ya wazima, akajifanya amepotea njia, na kila alipopotea njia alikaa nusu saa. Mtoto, ambaye sasa wote walimwita Njiti, alinyweshwa dang'a, maziwa mazito ya kwanza ya mama yake, kwa chupa, kidogo kidogo, kila saa, na kati ya saa na saa Bi Uzi alimgeuza ubavu asilalie upande mmoja. Jike wa kijivu alisimama juu yao wote. Mara moja, alipochoka, aliegemeza kidevu begani kwa Bi Uzi, na uzito wake ulikuwa kama wa mtoto mkubwa aliyesinzia mgongoni. Bi Uzi hakusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

Siku ya tatu asubuhi, mawingu yamefunguka, Njiti alikunja miguu ya mbele, akafikiri, akasimama.

Viungo vyake vilikuwa laini mno, vifundo vikashuka hadi karibu kugusa sakafu, akaonekana kama mtu aliyevaa kandambili za baba yake. Lakini alisimama. Akatembea hatua tatu, akagonga ukuta, akageuka, akaanza kutafuta maziwa mahali pote isipokuwa yalipo: kwenye kifua cha mama, kwenye goti, kwenye mfuko wa koti la daktari. Hatimaye akapata. Walisikia akinyonya, mlio mdogo wa kubofya, na mkia wake mfupi kama brashi ukaanza kupiga kulia na kushoto.

"Haya," mpishi akasema kutoka mlangoni, na sufuria mkononi, "mwenye njaa mwingine huyo. Kana kwamba sina wa kutosha." Kisha akageukia ukuta, akajifuta macho kwa mkono wa nguo.

Baada ya hapo koti likawa kalenda. Wiki ya kwanza Bi Uzi alifungua mshono wa kifua nusu inchi. Wiki ya pili, inchi nzima. Alikuwa akienda na mkasi, sindano na futi, anasema hodi, anaingia, na anafanya kazi hapo hapo mtoto amesimama, maana Njiti alikataa kuvuliwa. Siku ile alipotolewa nje kwa mara ya kwanza, koti lake la turubai la rangi ya mchanga likipepea kidogo, Kelele, Soksi na Bwana Afisa walimjia mbio wakasimama ghafla mbele yake, pua nne zimekutana. Bwana Afisa alilikagua koti lote, kifungo kwa kifungo. Akaridhika.

Kila alasiri, jua likiinama na upepo ukipoa, iliwajia saa ambayo Ngazi aliiita saa ya wazimu. Hakuna aliyejua nani anaanzisha. Mmoja angenyanyua kichwa kana kwamba ameitwa, mara wote wanne wanakimbia, wanazunguka kiwanja masikio yamelala, mikia juu, wanapiga mateke hewani kumpiga mtu asiyeonekana, wanasimama kwa miguu miwili, wanaanguka, wanainuka, wanakimbia kinyume. Vumbi la dhahabu likasimama nyuma yao na kubaki hewani hata wakishapita. Njiti alikuwa wa mwisho, miguu yake ikienda kila mmoja na mpango wake. Watu wakaanza kuja uani. Kwanza mpishi, na mwiko. Kisha dereva wa trekta. Kisha mwenye shamba mwenyewe, akashika kofia isiruke ingawa hapakuwa na upepo wa kuirusha. Walisimama wameegemea mbao, nyuso zao zimelainika, na wazimu ulipokwisha na watoto wakarudi kunyonya, kila mtu akaenda zake taratibu, kama anayetoka usingizini.

Ilikuwa mwezi wa pili Bi Uzi alipoingia kiwanjani peke yake kufungua mshono wa mwisho. Wakamzunguka wote wanne. Soksi akashika kamba ya aproni akaanza kuifungua. Bwana Afisa akatia pua kwenye mfuko wa sindano, akapiga chafya. Na Bi Uzi alipokuwa akisema, "Nyie, nyie, subirini zamu," Kelele alinyakua futi ya kupimia mkononi mwake, akaondoka nayo.

"Ee! Rudisha!"

Kelele alikimbia, futi ya manjano ikipeperuka pembeni mwa mdomo, na wenzake wakamfuata wakidhani ndio mchezo. Bi Uzi naye akamfuata. Akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, aproni imefunguka, mkasi juu, kupita katikati ya majike wanne wakubwa, mbele ya mmoja, karibu na mkia wa mwingine, anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni, mama, mtoto wako ni mwizi!" Alizunguka kiwanja mara mbili. Aliposimama, ameshika mbavu, anacheka mpaka machozi yanamtoka, aliona mdogo wake ametoa macho uani.

"Dada," mpishi akasema polepole, "unajua umepita wapi?"

Bi Uzi akageuka akatazama. Majike walikuwa wanakula. Akakaa chini palepale kwenye nyasi. Njiti akaja akasimama juu yake, akamtilia kivuli.

Jioni ile ndipo alipoona kwamba koti halina tena pa kufungulia. Inchi zote nne zilikuwa zimetumika. Alifungua vifungo kimoja kimoja, na safari hii Njiti hakukataa. Akajitikisa kuanzia pua mpaka mkia, akasikia hewa mgongoni, akaruka hatua moja kando kwa mshangao. Kisha akakimbia. Alikimbia moja kwa moja mpaka mwisho wa ua na kurudi, vifundo vimekaza, shingo mbele, na kwa mara ya kwanza Kelele ndiye aliyeachwa nyuma.

Siku chache baadaye Ngazi alisimama mlangoni akikuna shingo. "Dada, paa la karakana lilikwisha. Umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Lina mwezi na nusu."

"Najua, Ngazi. Mimi naona vizuri."

Bi Uzi akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Waambie waweke mbolea humo," akasema. Mambo yakaishia hapo, na chumba cha mwisho cha banda la majike kikawa karakana mpaka leo.

Watoto walipofika miezi sita wakaachishwa ziwa. Bi Uzi alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa si kusikia. Majike walihamishiwa ng'ambo ya mto, na siku mbili nzima shamba likawa ni vilio, huku wakiita na kule wakiitikia, mpaka mpishi akatia pamba masikioni na kuunguza maharage. Bi Uzi alibeba kigoda akakaa katikati ya kiwanja na kazi yake mapajani. Hakujaribu kuwabembeleza. Alishona tu, akiwasemesha habari za mishono. Wao walizunguka, wakaita, wakarudi, wakanusa nywele zake, wakaenda kuita tena. Siku ya tatu Soksi alianza kula majani. Mwingine akamwiga. Kufika alasiri, Bwana Afisa alikuwa anakagua ndoo.

Wiki iliyofuata Ngazi aliwapandisha malisho ya juu, kilimani, pamoja na jike mmoja mzee asiye na mtoto, ili awafundishe adabu. Waliondoka asubuhi yenye ukungu, wanne nyuma ya mmoja, wakawa vivuli, wakawa hawapo.

Bi Uzi hakuwafuata haraka. Alikuwa na maagizo yaliyolala, na majike watano walikuwa wamepata mimba mpya, na mwenye shamba alitaka makoti mawili ya akiba. Ilipita miezi miwili ndipo dada hao wawili, siku ya mapumziko ya mpishi, walipopanda kilima na chai kwenye chupa. Walipumzika mara nne. Juu kule nyasi zilikuwa ndefu, upepo ukizilaza na kuziinua kama mtu anayepapasa paka, na farasi walikuwa wametawanyika mbali, wadogo, wakila.

"Wako wapi wetu?" mpishi akauliza.

Bi Uzi akatazama. Aliwatafuta wale wa kahawia na wekundu aliowajua, hakuwaona. Farasi wadogo walikuwapo, lakini miguu yao ilikuwa imefuatana na miili, na manyoya ya utotoni yalikuwa yamepukutika, na chini yake kila mmoja alikuwa ametoka na rangi nyingine. Ndipo mmoja wa kijivu cha moshi, mrefu, shingo imepinda vizuri, akainua kichwa. Bega la kulia lilizidi la kushoto kwa unywele.

"Yule," Bi Uzi akasema. "Yule ndiye Njiti."

"Toka hapa. Njiti alikuwa hudhurungi."

"Nakwambia yule."

Njiti aliwatazama wanawake wawili waliosimama kwenye majani, masikio yote mbele, kwa muda wa pumzi tatu au nne. Kisha akageuza kichwa, akapiga mkia, akaendelea kula. Hakuja.

"Amekusahau," mpishi akasema, kwa upole ambao hakuwa nao kila siku.

"Ndiyo," Bi Uzi akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Umeona alivyo mkubwa?"

Wakakaa chini. Mpishi akamimina chai.